Kijana Myahudi na Jumuiya Iliyo Karibu Naye: Tunajibu Barua Zenu

Barua za safari hii zimetoka pande mbili: vijana Wayahudi wanaotafuta pa kuingilia, na wakubwa wa masinagogi wanaoshangaa mbona vijana hawaingii. Nyingine tumezifupisha.

SWALI: Nina miaka 24, nimehamia mji mpya kikazi. Niliwaandikia barua pepe watu wa sinagogi la hapa Ijumaa mchana, sikujibiwa. Kesho yake nikaenda na begi langu la mgongoni, mlinzi akanizuia mlangoni. Nimekata tamaa. Je, hawataki wageni?

Ndugu yetu, wageni wanawataka. Wewe umefika kwa namna ambayo kila sinagogi duniani limejifunza kuiogopa: mtu asiyejulikana, ana begi, siku ya ibada. Masinagogi yameshashambuliwa mara nyingi, na mlinzi yule anafanya kazi aliyoagizwa.

Tuanze na siku ya kuandika. Ijumaa mchana ofisi inafungwa, na wanaoshika Sabato kwa ukamilifu hawagusi simu tangu jua linapokaribia kuzama Ijumaa hadi nyota zionekane Jumamosi usiku. Barua ya Ijumaa husomwa Jumapili ikiwa chini ya nyingine hamsini. Andika kati ya Jumapili jioni na Jumatano, na useme mambo manne: jina lako kamili, jumuiya uliyokulia, ibada unayotaka kuhudhuria, na jina la mtu anayekufahamu, kama rabi wa kwenu au kiongozi wa chama cha wanafunzi Wayahudi chuoni kwako. Hilo la nne ndilo linalofungua mlango, kwa kuwa atapigiwa simu yeye. Ambatisha picha ya kitambulisho ikiwa wameiomba. Siku mbili zikipita kimya, piga simu ofisini asubuhi.

Ukienda, acha begi nyumbani. Mlinzi anaweza kukuuliza umetoka wapi, nani anakufahamu, hata sikukuu iliyopita ilikuwa ipi. Jibu bila kununa. Usipige picha ya jengo wala ya mlango.

Ibada ya kuanzia tungependekeza iwe ya Ijumaa jioni. Kwa kawaida haizidi saa moja, nyimbo ni nyingi, na baadaye watu husimama kuzungumza. Ya Jumamosi asubuhi huchukua saa mbili hadi tatu: sala za asubuhi, usomaji wa Torati, kisha sala ya ziada ya Sabato. Ukiichagua hiyo, usiondoke kabla ya kidushi, yaani baraka ya divai na kile kitafunwa kinachofuata ukumbini. Wageni wengi hutoroka sala inapoisha kwa aibu ya kusimama peke yao, na papo hapo ndipo watu wangeuliza, "Wewe ni nani? Utakula wapi Ijumaa ijayo?" Mtu akikualika, pokea hapohapo na umpe namba yako. Akiwa ni wa kushika Sabato hataweza kuiandika, basi mtafute Jumapili kupitia ofisini.

Ndani, chukua kipa, ile kofia ndogo ya kufunika kichwa, sandukuni mlangoni na umwombe jirani akuonyeshe ukurasa kwenye kitabu cha sala. Hakuna atakayekushangaa, maana hata wazoefu hupotea. Kwenye sinagogi la Kiorthodoksi, yaani la mkondo wa Kiyahudi unaoshika sheria kwa ukali, wanaume na wanawake huketi mbalimbali. Gabai, yule anayepanga nani aitwe kwenye Torati, anaweza kukujia na kuuliza jina lako la Kiebrania pamoja na la baba yako. Ikiwa hukujiandaa, sema "leo hapana, asante." Si utovu wa adabu.

Tahadhari moja kwa aliye ugenini. Yapo makusanyiko yenye mishumaa, nyota ya Daudi na Kiebrania ambayo yanamwamini Yesu kuwa Masihi. Wana haki ya imani yao, lakini hiyo si jumuiya ya Kiyahudi unayoitafuta, na mtu anaweza kuhudhuria mwezi mzima kabla ya kugundua. Uliza mapema rabi wao amesomea wapi na wako chini ya muungano gani wa masinagogi. Penye jibu la kuzungukazunguka, tazama kwingine.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya sinagogi. Tulifanya sherehe kubwa ya vijana, muziki na chakula vikiwapo, wakaja wengi kuliko tulivyotarajia. Miezi minne baadaye wamebaki wawili tu. Tumekosea wapi?

Mzee wetu, sherehe yenyewe tusiilaumu sana. Tatizo liko kwenye wiki iliyofuata. Je, kuna aliyeandika majina? Kuna aliyewapigia? Kulikuwa na tarehe ya pili ambayo kijana angeweza kuondoka nayo? Kwa kawaida majibu yote matatu huwa ni hapana, na kamati huanza kupanga sherehe kubwa zaidi.

Pengo lenyewe lina historia. Mwanafunzi amejengewa nyumba yake zamani: Hillel, chama cha wanafunzi Wayahudi vyuoni, ilianzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1923, na muungano wa dunia wa wanafunzi Wayahudi ukafuata mwaka 1924, rais wake wa kwanza akiwa Albert Einstein. Mwenye watoto naye anavutwa na darasa la Kiebrania na maandalizi ya bar mitzvah, sherehe ya mtoto kufikia umri wa kushika sheria. Aliye katikati, aliyemaliza chuo na hajaoa wala kuolewa, hana kinachomlazimu kupita mlangoni kwenu. Ada yenyewe mara nyingi imepangwa kwa kaya, kana kwamba mtu mmoja katika chumba cha kupanga ni kaya. Ndiyo maana taasisi mpya zimelenga hapo. Moishe House, iliyoanza mwaka 2006, huwasaidia kodi vijana wachache wanaokaa nyumba moja, nao huandaa mikusanyiko sebuleni kwao. OneTable, ya mwaka 2014, huwasaidia vijana kuandaa wenyewe chakula cha Ijumaa usiku. Katika zote mbili mwenyeji ni kijana, na fedha inamfuata yeye alipo. Kamati haihamishii shughuli ukumbini ili iione.

Mnaweza kuiga hilo kwa kiasi chenu. Chukueni orodha ya waliokuja. Watu wawili waigawane, na kila jina lipigiwe simu ndani ya siku tatu, na mwaliko uwe na nyumba na tarehe: "Ijumaa ya wiki ijayo, kwa fulani, tutakuwa kumi." Maneno kama "karibu wakati wowote" hayamleti mtu. Mezani wawe 8 hadi 12, nusu wenyeji, nusu wapya. Wakipita 14 meza hugawanyika vipande viwili, na mgeni hujikuta kwenye kile kisicho na mazungumzo. Tafuteni nyumba tatu zinazopokezana, ili kila moja ipokee mara moja kwa miezi mitatu. Mkiwaachia watu wawili wenye bidii wabebe kila kitu, watachoka kabla ya mwaka kuisha na mpango utakufa nao.

Kisha wapeni kazi ya kweli, na iwe na mwisho unaojulikana. Kusimama mlangoni Sabato moja kwa mwezi, kwa miezi sita. Kusoma kipande kifupi cha Torati, jambo linalohitaji wiki kadhaa za mazoezi kwa kuwa hati ya kukunjwa haina irabu wala alama za sauti. Kujenga kibanda kabla ya Sikukuu ya Vibanda. Kupeleka vifurushi vya Purimu, sikukuu ya kisa cha Esta, kwa wazee. Sheria yenyewe ni rahisi, angalau vyakula vya aina mbili kwa mtu mmoja, na sadaka kwa maskini wawili. Ipo pia kazi ya kukamilisha minyani, watu wazima kumi ambao pasipo wao kadishi, sala wanayosema waliofiwa, haisemwi wala Torati haisomwi hadharani. Waorthodoksi huhesabu wanaume. Jumuiya nyingi za mikondo mingine huhesabu na wanawake. Anayemlilia mzazi husema kadishi kwa miezi kumi na moja, na katika sinagogi dogo kila jioni mtu hutafutwa. Kijana akiambiwa "tuko tisa, njoo," anajua anahitajika kweli. Kuitwa kuongeza idadi kwenye hotuba ni jambo jingine kabisa, na vijana huzitofautisha haraka.

Kuna mengine yanayofukuza watu kimyakimya. Kuwaweka kundi moja wenye miaka 19 na wenye 38. Watenganisheni wanafunzi na walio kazini. Kuwauliza "utaoa lini?" mezani. Kuwaletea mzungumzaji wa kuwaeleza kwamba Uyahudi unaisha kwa sababu yao: hakuna anayerudi mahali anapoitwa tatizo. Kuomba mchango kabla mtu hajafika mara tatu. Kutuma tangazo la Ijumaa siku hiyohiyo ya Ijumaa, litumeni Jumanne.

Kuhusu ada, wekeni ya chini kwa walio chini ya miaka 30, na viti vya Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho viwe bure kwao, mtangaze hivyo waziwazi. Kijana hataomba punguzo, atakaa nyumbani. Ila msiitegemee Siku ya Upatanisho kuwa mlango wa kuingilia. Ni mfungo wa saa 25, sala ni ndefu, ukumbi umejaa watu ambao hawataonana tena hadi mwaka ujao. Purimu, Vibanda, na usiku wa kusoma wa Sikukuu ya Majuma hufaa zaidi. Pasaka nayo ina faida yake: kwenye sederi, yaani chakula cha ibada cha usiku wa Pasaka, masimulizi huanza kwa tamko la kumwalika kila mwenye njaa aje ale, hivyo kumwalika mgeni usiku ule hakuhitaji kisingizio.

Mwishoni mwa mwaka hesabuni waliokuja mara ya tatu. Idadi ya usiku wa sherehe iacheni kwenye picha.

SWALI: Baba yangu ni Myahudi, mama si Myahudi. Nimelelewa na mishumaa ya Sabato na sederi kila mwaka. Nikienda sinagogini nitaambiwa mimi ni nani?

Dada, utaambiwa tofauti kulingana na mlango utakaoingia, na ni heri ulijue hilo kabla. Kwa Waorthodoksi, na pia kwa mkondo wa Masorti (wa Kihafidhina), Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka kwa utaratibu wa sheria. Mkondo wa Mageuzi, ulio wa kiliberali, nchini Marekani uliamua mwaka 1983 kwamba mtoto wa mzazi mmoja Myahudi, awe baba au mama, huhesabiwa Myahudi iwapo ameishi hivyo hadharani, na kwingineko zipo jumuiya za kiliberali zenye msimamo wa karibu na huo.

Mwandikie rabi kabla ya kwenda na umweleze hali yako kwa sentensi mbili. Wengi huogopa barua hii, lakini kukaa kimya kuna ubaya wake: siku gabai atakapokuita usome baraka ya Torati, au mtakapokuwa tisa nawe ukahesabiwa wa kumi, jambo litafunuka mbele ya watu, nawe na aliyekuita mtaaibika. Kuhudhuria ibada, kusoma, kula chakula cha Sabato, kusaidia kazi: haya karibu kila mahali yako wazi kwako tangu siku ya kwanza. Kuitwa kwenye Torati na kuhesabiwa katika minyani kunategemea mkondo.

Ukitaka kuongoka, tegemea mwaka mmoja au zaidi, maana walimu wengi hutaka uupitie mzunguko mzima wa sikukuu. Mwisho wake ni kufika mbele ya beti dini, baraza la watu watatu, na kuzama katika mikve, birika la maji la kujitakasa. Kwa mwanamume kuna tohara, na aliyekwisha kutahiriwa hutolewa tone la damu. Kabla hujaanza, fikiri utaishi wapi na jumuiya ya namna gani, kwa sababu beti dini ya Kiorthodoksi haitambui uongofu uliofanywa na mkondo wa Mageuzi. Wengine wamelazimika kuanza upya miaka mingi baadaye, wakiwa wamekaribia arusi.

Na kabla hujakubali kwamba upande wa mama hauna kitu, uliza kuhusu bibi zako wa upande huo. Vielelezo vinavyokubalika ni ketuba, yaani hati ya ndoa ya Kiyahudi, kumbukumbu za maziko, na picha ya jiwe la kaburi lenye jina la Kiebrania la marehemu na la baba yake. Jina la ukoo "linalosikika la Kiyahudi" halithibitishi chochote.

SWALI: Binti yangu ana miaka 22, anaishi mbali, haendi popote. Nimempa rabi wa huko namba yake bila kumwambia. Nimfanyeje aende?

Mama, mwambie leo kwamba umetoa namba yake, kabla rabi hajampigia. Kisha mwache rabi ampigie mara moja, na usimuulize binti walizungumza nini. Ukitaka kusaidia zaidi, mtumie vinara vya mishumaa vya bibi yake na fedha ya kulisha marafiki sita Ijumaa moja. Mengine ni yake.

SWALI: Tuko vijana kumi, tunataka kuanza kula pamoja Ijumaa usiku katika chumba changu cha kupanga. Mmoja anashika kosheri, sheria za Kiyahudi za chakula, kwa ukali, wawili hawali nyama, waliobaki wanakula chochote. Jiko langu si la kosheri. Inawezekana?

Inawezekana sana, mradi usiseme jiko ni la kosheri wakati si la kosheri. Mpigie yule mmoja mapema umuulize: anakula chakula baridi kwenye vyombo vya karatasi, au kilichofungwa kiwandani chenye alama ya kosheri tu, au anachokula ni kile kilichopikwa katika jiko la kosheri basi? Haya ni majibu matatu tofauti, na kila moja lina maandalizi yake. Likiwa la tatu, chakula chote kipikwe kwake au kiagizwe. Usimpikie cha peke yake ukamketisha pembeni na kifurushi chake.

Acheni nyama kabisa. Hapo suala la kuchanganya nyama na maziwa linaondoka, pamoja na saa za kusubiri kati ya kimoja na kingine, na wale wawili wanakula kama wengine. Samaki mwenye mapezi na magamba anafaa. Mboga za majani zikaguliwe wadudu jani kwa jani. Matunda yaje mazima. Divai iwe na alama ya kosheri, na ikiwa mezani kuna wasio Wayahudi, mshika sheria atapendelea ile iliyochemshwa kiwandani, ambayo haizui swali la nani kaimimina.

Mikate iwe miwili, mizima, imefunikwa kitambaa. Unga wa kilo 1 unatosha mikate miwili mikubwa kwa watu kumi. Ukizidi kilo 1.2 hivi, unakuja wajibu wa kumega kipande cha donge na kukitenga, kwa hiyo mkibaki kwenye kilo 1 mmejipunguzia swali. Kikombe cha kidushi kiwe na angalau mililita 86. Mishumaa miwili iwashwe dakika 18 kabla ya jua kuzama, juu ya sinia ya chuma, mahali inapoweza kuungua hadi mwisho, kwa kuwa haitazimwa. Angalia kwanza mkataba wako wa pango unaruhusu moto wa wazi.

Chakula cha moto kiive kabla ya mishumaa. Taa ya chooni iachwe inawaka na swichi ibandikwe utepe, maana daima kuna mgeni mwenye mazoea mema ya kuzima taa, na anayeshika Sabato atabaki gizani bila kuweza kuiwasha wala kukuomba uiwashe. Chaneni karatasi za chooni mapema ziwe tayari. Michango ya fedha ikusanywe kufikia Alhamisi. Mshika Sabato atakuja kwa miguu, basi ukiwa mbali naye mtafutieni pa kulala jirani.

Utaratibu wa mezani: wimbo wa kuwakaribisha malaika, kidushi, kunawa kwa kumimina maji kutoka kikombe juu ya kila mkono, baraka ya mkate, chumvi, chakula, nyimbo, kisha sala ya shukrani. Pa kukwama ni baada ya kunawa. Wanaojua hunyamaza hadi mkate uonjwe. Wasiojua huzungumza, wanaona wenzao wanawatazama kimya, na wanadhani wamekasirisha watu. Tangaza kabla ya kunawa. Chapisha pia karatasi moja yenye baraka kwa Kiebrania, matamshi kwa herufi za kawaida na maana yake, nakala kumi. Matini zenyewe zinapatikana bure kwenye tovuti ya Sefaria, na saa za mishumaa ziko kwenye tovuti ya Hebcal.

Usilazimishe simu ziwekwe kapuni. Asiyeshika sheria akiwekewa sheria mlangoni, mara ya pili haji. Ombeni tu pasiwe na picha wakati wa chakula.

Mkitaka kusoma kidogo, chukueni sehemu ya Torati ya wiki hiyo na kuisoma wawiliwawili kwa dakika 20, ile hevruta ya tangu zamani, kila jozi na mstari wake mmoja. Hotuba ya mtu mmoja kwa watu tisa wenye njaa haijawahi kufana.

SWALI: Mimi si Myahudi. Rafiki yangu amenialika Ijumaa usiku nyumbani kwao. Nipeleke nini?

Muulize kama familia yake inashika kosheri. Ikiwa ndiyo, usipeleke chakula ulichopika wewe. Peleka matunda mazima, au kitu kilichofungwa chenye alama ya kosheri, na ukifikishe kabla ya jua kuzama. Maua nayo yafike mapema, tayari kwenye chombo chenye maji. Vaa kwa heshima, pokea kipa ukipewa, na simu iwe imezimwa mfukoni. Ukiona wote wamenyamaza baada ya kunawa mikono, nawe nyamaza, mkate unakuja.